Dada wa Maabara

Mdogo wangu, tuliyelala naye tumbo moja, alichukua jambo nililoliona kwa macho yangu akalifanya lake mbele ya wageni. Mgeni mmoja alipomuuliza mimi ni nani, akanitaja kwa neno moja tu, na neno hilo likanigeuza mtumishi. Hilo ndilo kosa. Mengine yote nitakayosimulia ni namna lilivyotokea, ili mtu asije akasema nimemzulia.

Mimi ni mfagiaji wa shule. Nimefagia shule ile ile miaka kumi na tisa, na katika hiyo, kumi na minne nimekuwa kwenye maabara. Ni chumba kirefu chenye meza sita za saruji zilizopakwa rangi nyeusi, sinki tatu ambazo moja haipitishi maji, na kabati la vioo la kuwekea chupa za dawa. Ufunguo wa kabati nilikuwa nao mimi. Kwenye karatasi yangu ya kazi wameandika mistari mitatu: kufagia, kupiga deki, kutoa taka. Kuosha vyombo vya maabara hakumo. Kujua chupa ipi isikae karibu na ipi, hakumo pia. Niliyafanya kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kuyafanya, na kwa sababu mwalimu wa sayansi alikuwa mdogo wangu, na sikutaka aaibike.

Shule sikusoma. Mwaka niliopaswa kuandikishwa darasa la kwanza ndio mwaka aliozaliwa yeye. Mama alikuwa mfua mashuka hospitalini. Alijifungua, akakaa nyumbani wiki sita, kisha wakamwita kazini, na mtoto akawa wangu. Akaniambia mwakani nitaandikishwa. Mwakani mtoto alikuwa anasumbuliwa na kifua. Mwaka uliofuata nilikuwa nimerefuka kuliko watoto wote wa darasa la kwanza, na mimi mwenyewe nikaona haya kwenda. Basi ikaishia hapo, bila mtu yeyote kukaa chini na kuamua. Nimemfikiria sana mama juu ya jambo hilo na sijaona pa kumlaumu. Alikuwa na mikono miwili tu, yote ndani ya maji ya watu.

Mtoto yule hakulala ila mgongoni kwangu. Alipoanza shule, alirudi kila mchana akacheza mwalimu. Alipanga chupa tupu kwenye ngazi ya mlangoni, hizo ndizo wanafunzi, na mimi nikakaa mwisho wa mstari. Chupa zote zilikuwa na akili. Mimi nilikuwa mjinga wa darasa, kwa sababu mchezo ulihitaji mjinga. Nilicheka. Nilidhani ni mchezo.

Alisoma akafika mbali. Mume wangu alipoondoka na kuacha mlango wazi nyuma yake, mdogo wangu alikuwa mwalimu mpya pale shuleni, akamwambia mkuu wa shule kwamba kuna mwanamke anayejua kufagia. Hakusema mwanamke huyo ni nani kwake. Siku yangu ya kwanza alinisubiri getini, akanivuta pembeni kwenye ukuta wa matanki ya maji.

“Dada, huku niite Mwalimu. Na mimi nitakuita mama, kama wanavyoitwa wafagiaji wote. Watu wasije wakasema najaza ndugu.”

Niliona ni akili. Nikakubali. Hivyo kwa miaka kumi na tisa nikawa mama wa mtu ambaye mimi ni dada yake, na jioni nikifika nyumbani nageuka dada tena. Kwa kugeuka huko ningestahili kucheza sarakasi.

Wanafunzi walimwita mdogo wangu Volti, kwa sababu alipandisha hasira haraka. Mimi waliniita Mama Chupa. Sikuchukia. Chupa ndizo zilizonifundisha herufi. Mwanzoni mdogo wangu alinisomea karatasi zilizobandikwa kwenye chupa mara moja tu, haraka haraka, akaniambia nisichanganye maana naweza kuunguza shule. Mtu akikuambia hivyo, huwezi kusahau. Nilikariri sura ya kila neno, kisha nikaanza kuona kuwa kile kidude cha mwanzo wa neno hili ndicho kilichokuwa katikati ya lile. Mwaka wa tatu nilikuwa nasoma gazeti lililofungiwa vioo. Hakuna aliyejua, na hakuna aliyeuliza.

Basi, ikaja barua kutoka ofisi ya elimu. Mkuu wa shule aliisoma mbele ya wafanyakazi wote, na sisi wafagiaji tukiwa tumesimama nyuma. Kila shule yenye maabara ingepewa nafasi ya msaidizi wa maabara mmoja. Angechukuliwa mtu ambaye tayari anaifanya kazi hiyo. Cheti hakikutakiwa. Kilichotakiwa ni mwalimu wa sayansi amtaje mtu huyo kwa mkaguzi, Siku ya Sayansi, na kueleza anachokifanya. Kwa mdomo tu, pale pale, mkaguzi aandike.

Jioni ile mdogo wangu alipita kwangu. Alikaa kwenye kiti cha karibu na dirisha, akashika kikombe cha chai kwa mikono miwili kama anavyofanya tangu utotoni. Akasema, “Dada, hiyo ni yako. Nitakutaja mimi mwenyewe.”

Msaidizi wa maabara huvaa koti jeupe. Nina mikono mifupi, na makoti yale hushonwa kwa ajili ya wanaume warefu. Usinicheke, lakini nilishaanza kuwaza ni fundi gani atanipunguzia mikono.

Kwa ajili ya siku hiyo alichagua jaribio la soda na pipi. Kila mtoto anajua kuwa ukitumbukiza pipi ya mnanaa kwenye soda, inafoka. Yeye alitaka kitu zaidi. Alitaka kupima mkondo wa umeme unaopita ndani ya soda, kabla ya pipi na baada ya pipi. Vifaa vyenyewe vilikuwa glasi pana ya soda nyeupe, vibati viwili vya shaba vilivyosimama ndani yake bila kugusana, betri nne, nyaya, na kisanduku cheusi chenye mshale ambacho sisi tulikiita mita. Umeme unatoka kwenye betri, unaingia kibati cha kwanza, unavuka soda, unatokea kibati cha pili, unapita kwenye mita na kurudi kwenye betri. Ukipita mwingi mshale unapanda, ukipita mdogo unashuka.

Wa kusoma mshale alikuwa msichana mmoja wa kidato cha tatu, mwembamba, mkaidi, ambaye wenzake walimwita Msumari. Alikuwa na daftari la mistari ya bluu, na kila siku aliandika tarehe, saa, na mshale ulipofika.

Volti alikuwa na jibu kabla ya kupima. Alisema pipi inaitibua soda, soda ikitibuka nguvu inaongezeka, kwa hiyo mkondo utapanda. Akaandika bango kwa herufi kubwa: PIPI HUONGEZA MKONDO. Akalipaka rangi, akalitundika. Tatizo ni kwamba mshale haukuwa umelisoma bango. Siku moja ulishuka, siku nyingine ulitetemeka pale pale, siku nyingine ulianzia chini kabisa kama mtu aliyeamka na homa. Wiki tatu. Alilaumu betri, zikanunuliwa nyingine. Akalaumu soda, ikabadilishwa. Mwisho akalaumu macho ya Msumari, akamtuma akapimwe. Msumari akarudi na karatasi ya daktari wa macho, akaiweka mezani. Macho yalikuwa mazima.

Mimi nilikuwa naosha tu. Kila walipomaliza niliachiwa glasi zenye utelezi wa sukari na vibati vilivyogeuka rangi.

Alasiri moja waliondoka kwenda mkutanoni, wakaacha kila kitu kimeungwa, soda mpya ndani ya glasi na pipi zimetumbukizwa, zikafoka na kutulia. Nikaanza kufuta meza. Kiwiko kikagonga glasi kidogo. Kwa pembe ya jicho nikaona mshale umeruka.

Nikasimama. Mshale ukaanza kushuka tena, polepole. Nikagonga glasi kwa ukucha. Ukaruka. Nikainama hadi macho yakawa sawa na glasi, nikatazama vibati. Vilikuwa vimejaa mapovu madogo, yamebandana kama shanga, hata shaba yenyewe huioni. Nikagonga, shanga zikabanduka zikapanda juu, shaba ikaonekana, mshale ukaruka. Shanga zikajikusanya tena, mshale ukashuka. Nikachukua pipi moja, nikatumbukiza. Mapovu yakaja kwa wingi, yakavigandia vibati kama manyoya, na mshale ukashuka vibaya. Nikagonga. Ukapanda.

Nilifanya hivyo mara tisa.

Neno mkondo nilikuwa nalijua kabla ya maabara. Ni maji yanayokwenda. Nyumbani kwetu palikuwa na mfereji wa maji machafu unaopita chini ya ukuta, na mama alipofua, povu la sabuni lilijaa kwenye tundu la ukutani na maji yakasimama uani. Kazi yangu ilikuwa kwenda na kijiti, kulitawanya povu, na maji yakaenda. Basi nilichokuwa nakiona ndani ya glasi hakikuwa kigeni. Kibati ni tundu. Mapovu yameziba tundu. Pipi inaleta mapovu mengi zaidi. Pipi haiongezi mkondo. Inauzibia njia.

Volti aliporudi nilimwambia. Alicheka kwanza.

“Mama, umeme si maji.”

Sikubishana. Nilinyoosha kidole nikagonga glasi. Akaniambia niguse tena. Nikagusa. Akavuta stuli akakaa, akagusa mwenyewe. Tukakaa hivyo watu wazima wawili, tunagonga glasi kwa zamu, kama siku zile za chupa za mlangoni, ila safari hii mjinga hakuwa mimi.

Kisha akauliza kwa nini basi siku nyingine mshale unaanzia chini hata kabla ya pipi. Hilo nalo nilikuwa nalijua, ila sikuwa nimejua kuwa najua. Nilimwambia ni vibati. Siku nikiwa na msasa, ule wa fundi seremala, nasugua hadi shaba inang'aa kama sarafu mpya. Siku nisipokuwa nao naosha kwa sabuni tu, na sabuni haitoi ile ngozi. Msasa nilipewa na seremala wa shule Jumanne na Ijumaa, siku anazokuja. Akafungua daftari la Msumari. Akapita na kidole tarehe baada ya tarehe. Jumanne, mshale ulianza juu. Ijumaa, juu. Jumatano na Alhamisi, homa.

Akafunga daftari. Akanitazama, na mle mle maabara, mlango ukiwa wazi, akasema, “Dada, umeniokoa.”

Tangu siku ya matanki ya maji hakuwahi kuniita hivyo ndani ya geti lile. Nililichukua neno hilo nikaenda nalo nyumbani kama mtu aliyepewa zawadi anayeogopa kuifungua njiani.

Kesho yake Msumari aliambiwa, akapima upya siku zote zilizobaki, na kila asubuhi mimi nilisugua vibati kwa kipande cha msasa alichoniachia seremala. Mshale ukawa na adabu. Kwenye daftari lake aliandika kwa mwandiko mzuri: Mama Chupa ndiye aliyeona kuwa mapovu yanaziba vibati. Alinionyesha. Nilimwomba anisomee, ingawa nilikuwa nimeshasoma. Bango la zamani likashushwa, likaandikwa jingine: MAPOVU YA PIPI HUPUNGUZA MKONDO. Chini yake kwa herufi ndogo palikuwa na jina la mwalimu. Niliona. Nikajiambia mabango ni ya walimu, mdomo ndio utakaonitaja.

Siku ya Sayansi wageni walikuja wengi, hata viti vikaletwa kutoka bwaloni. Mkaguzi alikuwa mama wa rika langu, miwani yake imefungwa kamba shingoni, na kalamu haimtoki mkononi. Mimi nilikuwa kando ya sinki, nimevaa aproni ya kazi, na vibati vya akiba mkononi vimefungwa kwenye karatasi safi, kwa sababu ukivishika kwa vidole unaviachia mafuta.

Jaribio lilikwenda vizuri. Pipi ikatumbukia, mshale ukashuka. Volti akagonga glasi, mshale ukaruka, watu wakapiga makofi. Mkaguzi hakupiga makofi. Alisogea karibu akatazama.

“Hili la kugonga glasi,” akasema, “halimo kitabuni. Nani aliliona?”

Mdogo wangu alijifuta kiganja kwenye koti lake jeupe.

“Niliona mwenyewe,” akasema, “katika kujaribu jaribu.”

Msumari alifungua mdomo. Mwalimu akamtazama, na msichana akaufunga. Ningependa kusema nilipiga hatua mbele. Sikupiga. Bado nilikuwa na tumaini la pili, kwa sababu mkaguzi alikuwa amegeuka na kuniona na karatasi yangu mkononi.

“Na huyu ni nani?”

Ndiyo saa yenyewe. Mdogo wangu alinitazama. Akasema, “Huyu ni dada.”

Likakaa hapo. Nilisubiri limaliziwe. Lilihitaji kipande kimoja tu nyuma yake, na kila mtu anayezungumza lugha hii anajua ni kipande gani. Maana dada peke yake, kwa mwanamke aliyesimama na aproni kando ya sinki, lina maana moja tu. Ni dada wa kazi. Ndivyo tunavyowaita wanaotuoshea vyombo, ili tusiwaite watumishi.

Mkaguzi akatabasamu, akaniambia, “Hongera, dada. Maabara inang'aa.” Halafu akamgeukia yeye. Akauliza kama shule ina msaidizi wa maabara. Akajibiwa bado. Akauliza kama kuna wa kumpendekeza. Mdogo wangu aliangalia bango lake, kama vile jibu limeandikwa pale.

“Kwa sasa, hapana.”

Kalamu ikaandika. Niliiona ikiandika.

Alasiri ile ile nilikwenda nyumbani kwake, bado nina aproni. Wifi yangu alikuwa anaanua nguo. Mdogo wangu alitoka sebuleni na soksi, akanikaribisha kiti. Sikukaa. Alianza kueleza kabla sijamuuliza. Kwamba yeye yuko kwenye hesabu ya kuwa mkuu wa idara. Kwamba ingeonekanaje mwalimu wa miaka yote hiyo afundishwe na mfagiaji mbele ya mkaguzi. Kwamba angesema mimi ni ndugu yake, wangedai anapendelea ndugu. Nilimwambia mbona angeweza kunitaja bila kusema ni ndugu, au kusema ni ndugu bila kunitaja, lakini yote mawili ameyameza.

“Mimi nilisema dada,” akajibu. “Wewe si dada yangu? Nilidanganya wapi?”

Nadhani hilo alikuwa amelitayarisha njiani. Wifi alikuwa amefika na beseni la nguo kiunoni. Alisema tusigombane kwa ajili ya koti, koti lenyewe ni kitambaa tu kama vitambaa vingine.

“Basi mwambie avue lake,” nikasema, “apige nalo deki.”

Wifi akaangua kicheko kabla hajajizuia, kisha akaangalia chini. Yeye si mtu mbaya. Nilitoka.

Orodha ilibandikwa baada ya siku kumi. Niliisoma mwenyewe. Majina ya shule upande mmoja, ya watu upande wa pili. Mbele ya shule yetu waliandika: hakuna aliyependekezwa. Kama nafasi ingepewa mtu mwingine ningekuwa na wa kumchukia. Hakupewa mtu. Iliachwa wazi kuliko nikae mimi.

Siku hiyo nilichukua karatasi yangu ya kazi nikaisoma mistari mitatu, nikaifuata. Ufunguo wa kabati niliupeleka kwa mkuu wa shule. Alishangaa kuwa nilikuwa nao. Nikafagia, nikapiga deki, nikatoa taka. Vyombo vikajaa kwenye sinki hadi vikaanza kunuka sukari iliyochacha.

Jaribio lilikuwa limechaguliwa kwenda kwenye maonyesho makubwa. Volti akaniletea vibati. Hakuniita mama wala dada. Alisema tu, “Visugue basi, tunaondoka kesho.” Nilimwambia havimo kwenye karatasi. Akasema sawa, kusafisha si kazi ya ajabu, atasafisha mwenyewe. Nasikia kutoka kwa wifi kwamba alivisafisha kwelikweli, kwa sabuni ya vyombo na sifongo ya jikoni, akavikausha kwa taulo na kuvinyanyua kwenye mwanga, anavigeuza kwa vidole vyake kumi. Alijua kwamba lazima visafishwe. Kusafisha ndiko hakukujua.

Keshokutwa yake, katikati ya asubuhi, nikiwa natoa taka, simu ikalia.

“Dada, mshale haupandi.” Alizungumza kwa sauti ya chini, na nyuma yake kulikuwa na kelele za watu. “Ulikuwa unavifanyaje vile vibati?”

Niliweka pipa chini.

“Unamtaka dada yupi?” nikamuuliza. “Wa kazi au wa kuzaliwa?”

“Dada, tafadhali. Watu wananisubiri.”

“Wamo wanaosikia?”

“Wamo.”

“Basi sema kwa sauti unazungumza na nani. Sema neno zima. Nitakuambia mara moja.”

Nilimsikia anapumua. Ninakijua kifua kile, nilikilaza mgongoni mwangu kikiwa na mafua. Nilisubiri. Ningemwambia yote, wallahi ningemwambia: msasa laini, pande zote mbili, suuza kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, shika kwa karatasi, usifute, acha vikauke vyenyewe. Ni maneno ya nusu dakika. Na la kwake lilikuwa fupi kuliko hayo.

Simu ikakatwa.

Mshale haukupanda. Msumari ndiye aliyekuwa amesimama nyuma ya meza kusoma kipimo, na ndiye aliyeulizwa maswali. Volti alikuwa amekwenda pembeni kutafuta betri. Msichana yule alirudi shuleni Jumatatu, akaingia kwenye stoo ya mafagio na kulia, na mimi nilikuwa mle mle. Hakunilaumu. Aliniambia tu kwamba jina langu liliondolewa kwenye daftari. Mwalimu alimfanya aandike ukurasa ule upya. Kisha akauliza, “Mama Chupa, ulijua kuwa vitakataa?” Nikamwambia nilijua.

Aibu aliyoipata niliiona ni deni langu, na mimi sipendi kulala na deni. Kesho yake, Jumanne, nilimchukua hadi kwenye karakana ya seremala, nikamwomba kipande cha msasa, nikamfundisha Msumari kusugua, kusuuza na kushika kwa karatasi, hadi akaweza bila mimi. Akapima siku hiyo hiyo, peke yake, mshale ukaanza juu. Akaandika kwenye daftari jipya, na kwenye mstari wa kwanza akaandika jina langu, lile nililopewa na mama, si la chupa. Alikuwa ameuliza ofisini. Na yeye tumemalizana.

Mdogo wangu ukuu wa idara alipewa hata hivyo. Kwangu anapita bado, anakaa kiti kile kile cha dirishani, anashika kikombe kwa mikono miwili, na ananiita dada mara kumi kwa saa. Kupitia wifi amenitumia ujumbe kwamba mwakani nafasi ikitangazwa atanitaja. Nimejibu asijisumbue. Nina miaka arobaini na tisa, koti sina haja nalo tena, na maabara sasa naifagia tu na kuipita.

Lakini mkaguzi huja kila mwaka. Mwaka huu alikuja, akanisalimu tena, “Habari, dada,” na mdogo wangu alikuwa amesimama pale pale kati yetu, mdomo umefungwa. Ninachodai nimeshamwambia usoni, na sijakipunguza wala kukiongeza. Ni neno moja: “yangu”. Alitie nyuma ya lile alilolisema, alitamke kwa sauti ile ile, ndani ya chumba kile kile, yule mama mwenye miwani ya kamba akiwa anasikia. Hilo bado sijapewa, na anayedaiwa ni mwalimu wa sayansi, mtoto wa mama yangu.